Vipimo vya Usahihi wa Kauli katika Kiswahili na Kiingereza, kwa Mifano ya Bariadi

Kila lugha ina maneno ya kutaja mambo, na ina maneno mengine ya kumwonya msikilizaji ayapokee hayo yaliyotajwa kwa kadiri gani. Mtu asemapo, "Ng'ombe wamefika mtoni," ametaja jambo. Asemapo, "Yaelekea ng'ombe wamefika mtoni," hakuongeza lolote juu ya ng'ombe wala juu ya mto, bali ameongeza habari juu ya kauli yake mwenyewe. Maneno ya namna hii ya pili ni madogo, na mara nyingi vitabu vya sarufi huyapitia upesi katika orodha ya vielezi. Hata hivyo, yako mahali ambapo haki ya mtu, mali yake, na hata uhai wake, hutegemea maneno hayo.

Mahali pamoja pa kuyatazama ni Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka mkoa wa Shinyanga mwaka 2012. Wenyeji walio wengi huzungumza Kisukuma nyumbani, hasa kwa lahaja ya Kinantuzu. Hutumia Kiswahili sokoni, ofisini na mahakamani. Na kwa miaka mingi maneno yao yalipofika katika mahakama zilizo juu ya mahakama ya mwanzo yaliandikwa kwa Kiingereza. Basi kauli moja yaweza kuvuka lugha tatu kabla ya kuamuliwa kuwa ni kweli au si kweli.

Jambo linaloelezwa hapa ni kwamba usahihi wa kauli una vipimo vitatu, si kimoja. Cha kwanza ni ukaribu: neno liko karibu kiasi gani na jambo lenyewe. Cha pili ni chanzo: msemaji amelijuaje jambo hilo. Cha tatu ni dhamana: msemaji yuko tayari kulibeba neno lake kwa kiasi gani. Kiswahili kina zana za vipimo vyote vitatu, na Kiingereza vilevile. Madhara hutokea pale kipimo kimoja kinapochukuliwa kuwa ni kingine, au kinapoachwa njiani.

1. Ukaribu

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alichukua kauli kwamba nchi ya Ufaransa ina pembe sita, akauliza kama ni kweli au si kweli. Kwa jemadari anayepanga vita kauli hiyo yaweza kutosha. Kwa mwanajiografia haitoshi. Alitaka kuonyesha kwamba kauli nyingi hazistahili kuitwa kweli wala uongo kabla ya kujulikana zimesemwa kwa kazi gani. Miaka kumi baadaye Mmarekani George Lakoff aliyachunguza maneno ya Kiingereza yanayokaza au kulegeza maana ya kauli, na jina aliloyapa lina maana ya ua wa miti. Jina hilo laeleweka vyema katika Usukuma, ambako maboma mengi yamezungushiwa minyaa. Ua huonyesha mpaka wa boma, na pia humkinga aliyemo ndani. Ndivyo yalivyo maneno haya: huweka mpaka wa maana, na humkinga msemaji asije akashtakiwa kuwa amesema zaidi ya alivyokusudia.

Kiingereza hufanya kazi hii zaidi kwa vielezi na vifungu vinavyowekwa mwanzoni mwa sentensi, vyenye kumwambia msikilizaji kwamba kauli ni kweli akitwaa maana kali ya neno, au ni kweli akiilegeza. Kiswahili nacho kina "hasa", "halisi", "barabara", "kamili" na "sawasawa" kwa kukaza. Mtu husema, "Popo si ndege hasa," naye hakukana kwamba popo ana mabawa na huruka. Amekana kwamba jina la ndege lamfaa kwa ukamilifu. Kwa kulegeza kuna "kama", "hivi", "kiasi cha", "karibu", "takriban", "yapata" na "na ushei". Kadhalika kurudufu neno hulegeza maana: ardhi ya majimaji si maji, bali ina hali iliyo karibu na maji.

Maneno haya hayana nguvu sawa. "Takriban" na "karibu" yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuwa jirani, lakini katika Kiswahili cha leo yameachana. "Karibu watu mia" kwa kawaida humfanya msikilizaji afikiri kwamba mia haikutimia. "Takriban watu mia" huacha nafasi pande zote mbili. "Watu mia na ushei" hukata upande wa chini, maana mia imekwisha timia na kuna ziada isiyohesabiwa. "Yapata" ni kitenzi "pata" kilichoganda, na maana yake ni kwamba hesabu imefikia hapo. Neno "hivi" lina tabia ya pekee, kwa kuwa hufuata kiasi wala halikitangulii: "kilometa sabini hivi". Msikilizaji husikia namba kwanza, kisha hulegezewa. Mwandishi mwenye haraka, akiwa amekwisha andika 70, huenda asiliandike neno linalofuata.

Wala isidhaniwe kwamba namba kamili ndiyo kweli zaidi siku zote. Sensa ya mwaka 2012 iliandika kwamba mkoa wa Simiyu ulikuwa na watu 1,584,157. Mtu anayesema kwamba mkoa ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu hakusema uongo, na kwa mipango mingi kauli yake yatosha. Kwa upande mwingine, tarakimu ya mwisho, ile saba, ni kweli ya karatasi za hesabu, maana watu waliendelea kuzaliwa na kufa wakati makarani wakizunguka. Usahihi uliopita kiasi cha kazi yake waweza kupotosha kama vile upungufu wa usahihi.

2. Chanzo

Zipo lugha duniani ambazo kitenzi chake hulazimishwa kuonyesha kama msemaji ameona mwenyewe, ameambiwa, au amekisia kwa dalili. Kiswahili si miongoni mwa lugha hizo. Lakini mara nyingi imesahauliwa kwamba Kiswahili kina njia ya kisarufi ya kutenga shahidi wa macho na mtu wa habari, nayo imo katika kifungu kinachofuata vitenzi "ona" na "sikia".

Itazamwe mifano hii miwili:

"Nilimwona akiingia zizini."
"Niliona kuwa ameingia zizini."

Katika kauli ya kwanza kitenzi kina kiambishi cha mtendwa, na kitenzi cha pili kina "ki" ya tendo linaloendelea. Mtu na tendo lake vyote vilikuwa mbele ya macho. Katika kauli ya pili kuna "kuwa", na kilichoonekana si mtu akiingia bali ni jambo lililofahamika, labda kwa nyayo, kwa lango lililoachwa wazi, au kwa sauti ya ng'ombe. Kitenzi "ona" hapa kimehama kutoka jichoni kikaenda akilini. Kikiendelea katika njia hiyo, hufika mahali ambapo "naona" si kuona hata kidogo, kama mtu asemapo, "Naona mvua haitanyesha mwaka huu."

Kitenzi "sikia" kina upana zaidi. Katika Kiswahili mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa na husikia maumivu. Kwa hiyo neno "nilisikia" peke yake halionyeshi kwamba mtu ameambiwa. "Nilimsikia akilia" ni ushahidi wa sikio lake mwenyewe. "Nilisikia harufu ya moshi" ni ushahidi wa pua. "Nilisikia kuwa alilia" ni habari ya kuambiwa. Atakayeyafasiri yote matatu kwa kitenzi kimoja cha Kiingereza chenye maana ya kupokea sauti amepoteza tofauti ambayo mnenaji aliitia kwa uangalifu.

Iko pia njia ya tatu, ya kukisia kwa dalili. "Atakuwa amefika" yaonekana kama wakati ujao, lakini haitabiri lolote. Msemaji hakumwona aliyefika; amehesabu saa na mwendo, akakata shauri. Kiingereza kina umbo linalofanana na hili, na kwa hiyo mfasiri hulivuka kwa urahisi. Lakini asiyekijua Kiswahili vyema aweza kulichukua kuwa ni ahadi ya jambo la kesho.

Tofauti hizi zina uzito katika sheria. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, iliyochukua mahali pa Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika, yaagiza kwamba ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Jambo la kuonekana lisemwe na aliyeliona. La kusikika lisemwe na aliyelisikia. Na la mlango mwingine wa fahamu lisemwe na aliyelitambua kwa mlango huo. Ushahidi wa kuambiwa, isipokuwa penye ruhusa maalumu ya sheria, haukubaliwi. Basi sheria yenyewe imegawa kauli kwa kipimo cha chanzo, na katika Kiswahili mpaka wa mgawanyo huo mara nyingi hupita katikati ya "akiingia" na "kuwa ameingia".

3. Dhamana

Kipimo cha tatu ni kile ambacho msemaji huweka heshima yake juu ya neno lake. "Hakika", "yakini", "bila shaka" na "kwa kweli" huongeza dhamana. "Labda", "huenda", "yamkini" na "pengine" huipunguza. Maneno haya hayasemi lolote juu ya chanzo. Mtu aweza kusema "bila shaka" juu ya jambo aliloambiwa tu, na mwingine akasema "labda" juu ya jambo aliloliona kwa macho yake katika giza.

Historia ya neno "labda" yafaa kukumbukwa. Laonekana kutoka katika maneno ya Kiarabu yenye maana ya kwamba hapana njia ya kuliepuka jambo. Shina hilohilo limo katika "budi", na Kiswahili husema "hapana budi" pale ambapo jambo ni la lazima. Hivyo asili moja imezaa neno la lazima na neno la shaka. Pengine njia ya mabadiliko haya ni ile inayojulikana katika lugha nyingi: mtu asemaye "lazima atakuwa amefika" kwa kweli hajui kwamba amefika, anakisia kwa nguvu, na nguvu ikipungua kidogo kidogo, hubaki kukisia. Funzo kwa mwanakamusi ni kwamba asili ya neno si kipimo cha dhamana yake leo.

Neno "eti" lina kazi mbili kwa wakati mmoja. Laeleza kwamba kauli ni ya mtu mwingine, na tena lamwondoa msemaji katika kauli hiyo: "Eti amekwenda Maswa." Aliyesema hivi amepeleka habari, na hapohapo amekataa kuidhamini. Kiingereza hakina neno moja jepesi linalotimiza yote mawili kwa sauti ileile ya dharau ndogo. Mfasiri hulazimika kuongeza sentensi nzima, au kuliacha. Likiachwa, kauli ya mtu mwingine huwa kauli ya shahidi.

Umbo linalostahili uangalifu zaidi ni "inasemekana". Laweza kulinganishwa na "inasemwa". Katika kauli ya kutendwa mtenda aweza kutajwa: "inasemwa na wazee wa kijiji". Msikilizaji anayo haki ya kuuliza, "Inasemwa na nani?" na sarufi yampa mwenziwe nafasi ya kujibu. Lakini "inasemekana" ina kiambishi cha kutendeka, na kauli ya kutendeka haikubali mtenda. Kikombe huvunjwa na mtoto, lakini kikivunjika huvunjika chenyewe. Vivyo hivyo, linalosemekana halina mwenye kulisema, na umbo la kitenzi limeufunga mlango wa swali.

Magazeti hutumia njia nyingine, yaani "anadaiwa" na "anatuhumiwa", kwa kumkinga mwandishi na mashtaka ya kashfa. Maneno haya ni ya kauli ya kutendwa, na mtenda aweza kuitwa: anadaiwa na polisi, anatuhumiwa na jirani. Kwa hiyo hayana hatari sawa na "inasemekana", ingawa mtumizi wa haraka huyahesabu yote kuwa ni kundi moja.

4. Kauli inapovuka lugha

Kitenzi cha Kisukuma, ambacho mfumo wake wa toni ulielezwa na Irvine Richardson mwaka 1959 na maumbo yake kuchunguzwa na Herman Batibo mwaka 1985, hutenganisha ndani yake mwenyewe jambo lililopita karibuni na lililopita zamani. Kiswahili kina "li" moja kwa jambo la asubuhi na jambo la miaka ishirini iliyopita. Mzee wa Bariadi anayeacha Kisukuma na kusema Kiswahili huacha pia kipimo ambacho kinywa chake kimezoea kukitia bila kufikiri, na hana budi kukirudisha kwa maneno kama "juzi", "siku zile" au "zamani kidogo". Asipoulizwa, huenda asikirudishe.

Katika mahakama ya mwanzo lugha ni Kiswahili. Katika mahakama za juu, kwa miaka mingi, shahidi alisema Kiswahili na hakimu aliandika Kiingereza palepale, tena kwa desturi ya sheria ya mwenendo wa jinai aliandika kwa namna ya masimulizi, si kwa maswali na majibu. Katika kazi hiyo ngumu ya mtu mmoja kusikiliza, kufasiri na kuandika, maneno madogo ndiyo yaliyo rahisi kudondoka. Hata saa ina mtego: "kama saa mbili usiku" ni saa ya pili baada ya kuchwa kwa jua, na asiyegeuza hesabu hukosea kwa saa sita nzima. Lakini hata aliyegeuza vyema, akiandika saa kamili bila "kama", amekwisha badilisha kauli.

Uzito wa jambo hili waonekana katika hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1980. Mahakama ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na kwamba usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Iliagiza kutazamwa muda ambao shahidi alimwona mtuhumiwa, umbali uliokuwa kati yao, hali ya mwanga, na kama shahidi alimjua mtu huyo kabla. Mambo matatu ya kwanza, yaani muda, umbali na mwanga, ndiyo hasa ambayo watu hawayasemi kwa namba tupu. Shahidi husema "kitambo kidogo", "hatua kumi hivi", "palikuwa na mbalamwezi kiasi". Ukiyaondoa "kidogo", "hivi" na "kiasi", ushahidi uliokuwa na mashaka yake wazi huonekana imara kuliko alivyoutoa mwenyewe. Na Kiswahili kimeweka tofauti nyingine hapa: "kumtambua" mtu ni kumjua kuwa ndiye, "kumdhania" ni kumkisia, na "kumfananisha" ni kumchukua kuwa mwingine kwa kosa. Haya ni maneno matatu ya hukumu tatu tofauti.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, Kiingereza kikiachiwa nafasi yake maalumu. Mabadiliko hayo yameondoa mvuko mmoja, lakini hayakuondoa ule wa kutoka Kisukuma, wala hayakumfundisha mwandishi wa kumbukumbu kwamba "hivi" ni sehemu ya ushahidi.

5. Mizani na uvumi

Isifikiriwe kwamba watu wa Usukuma wamehitaji wanaisimu ili wajue tofauti ya kukadiria na kupima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, wakilalamika kwamba mizani ya wanunuzi iliwapunja, waliweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha uzito. Juhudi hizo, ambazo Paul Bomani aliziongoza, zilikua hadi kuwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria mwaka 1955. Mkulima hakutaka kuambiwa kwamba mzigo wake "wapata" ratli kadhaa. Alitaka kujua nani amepima, kwa mizani gani, na mbele ya nani. Yaani, alidai chanzo na dhamana pamoja na namba. Hata leo, katika mkoa ambao pamba ni zao lake kubwa la biashara, swali ni lilelile.

Dai hilohilo halikuwekwa siku zote mbele ya maneno ya watu juu ya watu. Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na kufanywa katika wilaya ya Meatu, ambayo sasa imo mkoani Simiyu, alionyesha kwamba mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi, karibu wote wakiwa wanawake wazee, yalikuwa kama maradufu katika miaka ya ukame au mafuriko kuliko katika miaka mingine. Sababu alizozieleza ni za umaskini na njaa, wala si za sarufi. Lakini tuhuma yenyewe husafiri katika lugha. "Inasemekana bibi yule ni mchawi" ni kauli isiyo na aliyeona, isiyo na aliyesema, na isiyo na mwenye kuidhamini. Haina hata kipimo kimoja kati ya vitatu, na bado imesikika kama habari.

Kwa sababu hiyo kazi iliyo mbele ya wachunguzi wa Kiswahili si ndogo. Kamusi hueleza "takriban" kwa "karibu", na "yapata" kwa "takriban", kana kwamba ni neno moja lenye mavazi matatu. Ingefaa kila neno la namna hii lionyeshwe ni la kipimo kipi, hulegea upande gani, na hukaa wapi katika sentensi. Ingefaa pia wakalimani na makarani wa mahakama wafundishwe kusikia "akiingia" na "kuwa ameingia" kama kauli mbili. Na mwalimu wa shule, afundishapo kauli ya kutendeka kwa mfano wa kikombe kilichovunjika, aongeze mfano wa "inasemekana", kisha awaulize wanafunzi ni nani aliyesema. Sarufi haina jibu la swali hilo. Ni juu ya msikilizaji kuliuliza.